Nanga Niliyoirudisha

Mimi ni mtu wa mto. Nilizaliwa Tana ya chini, kwetu Wapokomo, ambako mtoto hushika upondo kabla hajashika kalamu, na hasira zangu nilizirithi huko huko kwa mama, aliyekuwa na ulimi wa kuchinjia kuku. Nayasema haya mapema ili asije mtu akanihurumia kupita kiasi. Katika mambo haya ya nanga nilidhulumiwa, tena sana, lakini mdomo wangu nao ulikuwa na sehemu yake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka ule wa mafuriko. Garissa ni mji ambao mtu akikupa kikombe cha maji unamwombea dua, na mwaka ule maji yalituzingira mpaka tukayachukia. Barabara ya Nairobi ilizama ng'ambo ya daraja, upande wa Madogo. Lami ilikuwa inakwenda vizuri tu, halafu inaingia majini kama mtu aliyeamua kujizamisha, na ukitazama mbele unaona vichwa vya migunga na nguzo za simu. Malori yalipanga foleni kule, sisi huku tukipanga foleni ya unga.

Tajiri mmoja wa mjini, mwenye duka la unga, sukari na vitambaa, aliagiza boti ya faiba yenye injini. Ililetwa juu ya lori na kuteremshwa pale pale lami ilipozama. Sote tulimwita Hajji. Boti ilipofika aligundua hana mtu wa kuiendesha, kwa sababu mji mzima ni wana wa wafugaji. Mtu anajua kumsoma ngamia kwa nyayo zake lakini maji yakimfika kiunoni anaanza kusoma shahada. Mimi nilikuwa naendesha pampu kwenye mashamba ya ukingoni. Mashamba yalizama, pampu ikazama, nikabaki na mikono. Hajji akaniita. Kuanzia siku hiyo watu wakaniita nahodha, na sitaficha, jina lilinikaa vizuri. Mke wangu alikuwa anasimama kwenye foleni ya bomba la mtaani, akisikia, "Mpisheni mke wa nahodha," anarudi nyumbani anacheka peke yake.

Msaidizi niliyepewa alikuwa shemeji yake Hajji, kaka wa mkewe, mwanamume mzima mwenye ndevu za hina. Alikuwa na ngamia upande wa Wajir. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ile ukawamaliza mmoja mmoja, yeye akiwatazama, mpaka akabaki na kamba zao. Kweli kabisa, alikuja Garissa na kamba begani, za kusokotwa kwa mkono, na hata kwenye boti alikuwa nazo, zimekunjwa vizuri chini ya kiti. Nilimwita adeer, yaani ami, kama walivyomwita wengine wote. Alikuwa mpole na mchapakazi. Kuogelea hakujua, na kila tulipoondoka ukingoni alishika ubao wa boti kwa mikono miwili mpaka vidole vikageuka rangi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Siku za mwanzo nilimwambia afunge boti kwenye nguzo ya simu ili abiria wapande. Akaifunga kwa fundo lao la kumfungia ngamia, fundo zuri, kwa kweli, ambalo ukivuta ncha moja tu linafunguka lote. Mfugaji analihitaji fundo hilo. Fisi wakija, au watu wenye bunduki wakija, huna muda wa kuhangaika na kamba. Lakini kamba zao ni za nyuzi za miti, zina ukwaru, zinajishika zenyewe. Kamba yangu ilikuwa ya nailoni, na nailoni ikilowa haina imani na mtu.

Ningemweleza hivyo kwa upole. Badala yake nilisimama mbele ya abiria, wengi wao kina mama wenye mitungi ya maziwa, nikasema kwa sauti: "Adeer, hii si ngamia. Ngamia akifunguka utamfuata kwa miguu. Hii ikifunguka utaifuata kwa kuogelea, na wewe kuogelea hujui."

Kina mama walicheka, wakaziba midomo kwa shela. Yeye hakucheka. Alifungua, akafunga upya vile nilivyomwonyesha, polepole, bila kuinua macho kwa wale kina mama. Mwanamume aliyefunga na kufungua ngamia maisha yake yote, leo anafundishwa fundo na mtu wa mto, tena mbele ya wanawake. Niliona, nikapuuza. Tangu siku hiyo alizungumza nami maneno ya kazi tu.

Sasa nanga. Ilikuwa ya chuma, ya kucha nne, nzito kiasi cha mwanamume mmoja kuibeba begani bila kuringa. Ndiyo iliyokuwa uhai wetu. Maji ya mafuriko yale hayakuwa bwawa. Chini yake mto ulikuwa bado unakwenda, na injini ikizimika bila nanga unapelekwa hadi Tana ya chini kwa mama yako bila nauli.

Ijumaa moja asubuhi tuliifungua kamba ya nanga ili tuvutie pipa la dizeli lililokwama kwenye matope. Tulipomaliza, mimi nikaanza kuweka mafuta kwenye injini, nikamwambia adeer airudishe kamba kwenye nanga. Nilimwona ameinama pale mbele, mgongo kwangu, mikono inafanya kazi. Wazo likanijia: nenda ukakague. Halafu nikajiambia, mzee wa watu, nimeshamwaibisha mara moja, nimwachie heshima yake. Heshima hiyo ndiyo iliyonivunjia yangu. Laiti ningemwaibisha mara ya pili.

Adhuhuri ilipofika nikawashusha abiria wote na adeer kwenye kilima kimoja kikavu cha upande wa Madogo wakasali. Mimi si Mwislamu, kwa hiyo nilibaki na boti. Nikaisogeza mbali kidogo na ukingo, kwa sababu ukiiacha karibu watu wanaparamia kabla hujaita, na nikatupa nanga bila kutazama fundo. Kamba ikaenda, ikakaza. Nikalala chali kwenye magunia.

Nilishtuka kwa kuona nguzo ya simu inatembea. Nguzo haitembei. Nikaikamata kamba, nikavuta, na ikaja bila uzito wowote, nyepesi, mpaka mwisho wake ukaingia botini ukidondosha maji. Ncha ilikuwa nzima. Haikukatika, haikuchanika hata uzi, ila ilikuwa na mikunjo miwili ya kitanzi, mikunjo ile ile niliyoijua. Takataka za mafuriko zilikuwa zinapita siku nzima, matawi na mabua, na bila shaka tawi lilinasa ile ncha inayoning'inia na kuivuta mara moja, kama fundo lenyewe linavyotaka kuvutwa. Niliwasha injini, nikashika haraka alama za pale nilipoitupa nanga: nguzo ya simu iliyopinda kwa huku, tangi la maji la shule kwa kule. Halafu nikarudi ukingoni nikiwa na kamba mkononi.

Jioni tulikuwa barazani kwa Hajji. Alikuwepo yeye, wazee wanne wa jirani, adeer, na mimi nimesimama. Hajji aliishika ncha ya kamba akaigeuza geuza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu mbaya ungemtukana ukalala.

"Kamba hii haikukatika," alisema. "Hii imefunguliwa. Nani alikuwa na boti?"

"Mimi," nikasema.

"Peke yako?"

"Peke yangu. Lakini nanga aliifunga adeer, asubuhi. Aliifunga kwa fundo la ngamia, Hajji, na nailoni haishiki fundo hilo. Limejifungua."

Wazee walimgeukia adeer. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho kwenye magoti yake. Nilijua ananisikia. Nilijua pia anakumbuka, kwa sababu mtu hasahau alichokifanya asubuhi ya siku hiyo hiyo.

"Mimi nimefunga ngamia miaka arubaini," alisema mwishowe, kwa Kiswahili, ili nami nielewe. "Hata moja haijafunguka."

Mmoja wa wazee akacheka kidogo, si kwa ubaya, akatikisa kichwa. Hapo nikaelewa nilichokuwa nimekifanya. Fundo hilo baba zao wote walilifunga. Nilikuwa nimesimama kwenye baraza ya watu, mgeni, nikiwaambia kwamba fundo la baba zao halifai. Ingekuwa rahisi zaidi kwao kuamini kwamba jua lilichelewa kuchomoza. Na chuma kizuri kama kile, kila mtu alijua, fundi wa majembe hawezi kukataa kukinunua.

"Tunasali, wewe unabaki na mali ya watu," alisema Hajji taratibu. "Nimekuamini. Nahodha, kama imeanguka majini, itoe majini. Siku tatu. Ukiileta, mimi mwenyewe nitakuomba radhi hapa hapa. Usipoileta, basi nimejua."

Hilo ndilo nililoshikilia. Kazi nilijua nitapata nyingine. Nilitaka ile radhi, pale barazani, mbele ya wale wazee. Nilitaka mke wangu apishwe kwenye foleni.

Siku ya kwanza nilipiga mbizi. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na hayaonyeshi hata kiganja chako. Mamba walikuwepo, tulikuwa tukiwaona wakiota jua kwenye paa la kibanda kilichozama, na kila nilipoteremka nilisali sala zote nilizofundishwa na mama. Niligusa tope, mizizi, mzoga wa mbuzi. Nanga sikuigusa.

Siku ya pili adeer alikuja na kitu. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa fundi, akakunjiwa vyuma vitatu kama kucha, akavifunga pamoja. Akanieleza kwamba kwenye visima vya Wajir ndoo ikikatika na kuzama, hawateremki; wanashusha kulabu kama hiyo na kuikokota chini taratibu mpaka inase. Akasimama mbele ya boti, yeye asiyejua kuogelea, na akakokota kulabu hiyo tangu asubuhi mpaka magharibi, mikono ikachubuka. Mara moja ikanasa kitu kizito na sote wawili tukavuta tukipiga kelele. Kilikuwa bamba la gari.

Nilimwambia, "Adeer, unajua ni fundo lako."

Alitia kulabu majini tena. "Tafuta," alisema. "Tafuta tu."

Nimemfikiria sana siku ile. Alitaka ionekane, hilo siwezi kumnyima. Alitafuta kwa moyo wote, kuliko mimi. Angeweza kukata mikono yake kwa kamba mpaka mfupa ili mimi nisafike, ila neno moja la mdomoni hakuweza. Ngamia walikwisha, kilichobaki ni kwamba anajua kufunga.

Siku ya tatu mto uliongezeka, ukaleta tope jipya, na alama zangu hazikuwa na maana tena. Nguzo ile ya simu yenyewe ilianguka. Jioni nikaenda barazani mikono mitupu. Hajji hakunifokea. Alisema, "Haya," akaingia ndani. Kesho yake boti iliendeshwa na kijana aliyetolewa Garsen, na bombani mke wangu akaambiwa apange foleni kama wengine. Mwanamke mmoja alimuuliza nanga inapikwa na nini. Alirudi nyumbani na mtungi mtupu.

Ningehama. Ndugu zangu walinishauri nirudi kwetu. Nikakataa, nilijua nikiondoka nimekiri. Nikapata vibarua kwenye mashamba, kuondoa tope, kupanda migomba upya, kwa watu waliofunga masanduku yao ya vifaa kwa kufuli nilipokuwa napita. Maji yalipoanza kurudi nyuma, kila nilipomaliza kazi nilikuwa nakwenda upande wa Madogo kutembea kwenye matope yanayokauka, fimbo mkononi, nikichoma chini. Watu waliniona. Wengine walidhani nimerukwa na akili, wengine walidhani natafuta nilipoificha.

Barabara ilifunguka, boti ikauzwa, watu wakasahau mafuriko. Nanga yangu hawakuisahau.

Alasiri moja nilipita nje kidogo ya Madogo, mbali na mahali nilipokuwa nikitafuta, nikaona mbuzi watatu wanakula majani mapya. Wawili walikuwa huru. Wa tatu, beberu mkubwa wa kichwa cheusi, alikuwa amefungwa ili asitoroke, na alikuwa amefungwa kwenye nanga. Kucha mbili zilikuwa ardhini, mbili zinatazama mbingu. Kwenye pete kulikuwa na kamba ya nyuzi, ya kusokotwa kwa mkono, na lile fundo, ncha yake inaning'inia, tayari kuvutwa.

Adeer alikuwa amekaa kwenye kivuli chembamba, kikoi kimekunjwa magotini. Aliponiona hakusimama na hakukimbia.

Niliketi chini kwanza. Nikamuuliza aliipata lini.

"Maji ilipoenda," alisema. "Mkono moja tu ilikuwa nje ya matope."

"Miezi, adeer. Unajua walivyoniita. Unajua mke wangu haendi tena bombani mchana. Kwa nini hukusema?"

Alimtazama yule beberu. "Niseme nini? Kwamba fundo yangu imefunguka?"

Nilimtukana. Sitayaandika niliyoyasema, yalikuwa ya mama yangu, na mengine niliyatunga hapo hapo. Nilimwambia hata ngamia wake walikufa ili wasifungwe naye. Hilo la mwisho nalijutia mpaka leo. Alilipokea akiwa ameinamisha kichwa, na nilipoishiwa pumzi akasimama, akaenda kwa beberu, akavuta ile ncha mara moja. Fundo likafunguka lote. Aliing'oa nanga kwa mikono miwili, akakung'uta udongo, akanipa.

"Twende pamoja kwa Hajji," nikamwambia. "Useme mwenyewe. Basi, sitaki kingine."

"Nani atabaki na mbuzi?" aliuliza. Na wale mbuzi watatu, jamani, kweli hakukuwa na mwingine wa kuwashika.

Nikaenda peke yangu. Niliiweka nanga begani na nikachagua njia ndefu makusudi. Nilivuka daraja, askari wa kizuizi wakanitazama. Nikapita sokoni katikati, kwenye wauza maziwa ya ngamia, kwenye wauza miraa waliokuwa wanasubiri gari lao. Watu walianza kunifuata. Nilisikia wananong'ona na nilidhani naelewa wanachonong'ona. Kichwa kilikuwa juu. Chuma kilikuwa kinanikata bega na nilifurahia kinavyokata. Nilikuwa nimeshapanga maneno: Hajji, nanga hii hapa, ilitoka majini, sasa niombe radhi kama ulivyosema.

Hajji alikuwa barazani, na wazee wawili wa siku ile. Niliiteremsha nanga mbele ya miguu yake. Ilitoa mlio mzito kwenye saruji, na watu waliojaa nyuma yangu wakasogea waone.

Aliitazama. Akanitazama mimi. Macho yake yakalowa, wallahi, niliyaona, na akanyanyuka na kunishika mikono yote miwili.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilijua. Niliwaambia hawa, yule si mtu mbaya, shetani alimpitia tu, iko siku atairudisha."

"Hajji, sikuichukua. Ilikuwa kwenye matope. Adeer ndiye aliyeipata, ameifungia mbuzi. Muulize."

Akainua kiganja, kwa upole, kama mtu anayemzuia mtoto asijichome. "Usiseme juu ya mzee wa watu. Usiharibu toba yako. Umeibeba begani mchana, mbele ya mji wote. Wangapi wanaweza?" Akawageukia watu, akapaza sauti: "Nimemsamehe. Na yeyote atakayemtaja kwa jambo hili tena, ana neno na mimi."

Mzee mmoja alisema maashaallah. Watu waliitikia. Mtu nyuma yangu alinipiga bega, lile lile lililokuwa na jeraha. Hajji aliamuru nanga iwekwe mlangoni ishikilie mlango wa duka usibamizwe na upepo, akaita chai, akanikalisha karibu naye kwenye mkeka, mahali pale alipokaa adeer siku ile.

Chai ilikuja, ya maziwa ya ngamia, sukari nyingi. Nilijua kesho yake bombani mke wangu atapishwa, na kweli alipishwa. Mimi nilikuwa nimeketi pale, watu wote wananitazama kwa mapenzi, na nikainywa chai ile mpaka ikaisha.